Ubao Uliotoka Chini ya Kitanda cha Bibi

Sifa inanuka, hakuna wa kubisha. Mafuta yale ya papa wanayopaka vyombo vya baharini, ukipita karibu nayo utaondoka na harufu nguoni mpaka kwako, na wajukuu wataanza kuziba pua na kukuuliza umekanyaga nini. Mwezi uliopita nilikwenda Wambaa kumtazama mgonjwa, nikapita penye mashua iliyopinduliwa, kijana mmoja anaipaka. Niliokuwa nao wakakaza mwendo. Mimi nikasimama pale pale, mpaka wakarudi kuniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikawaambia ndiyo, kidogo. Ningewaeleza nini mie? Kwamba harufu ile kwangu haihusiani na mashua, ni harufu ya gari la baba yangu, na ya siku aliyozikwa bibi yangu?

Wenzangu mliokua zama zile mtanielewa. Hawa wa leo wamekuta magari ya bati na viti vya sponji. Sisi gari lilikuwa kichwa cha chuma mbele, na nyuma nyumba ya mbao aliyoijenga fundi kwa mikono yake, ina nguzo na paa kama kibanda. Ndani mna mabenchi mawili marefu, abiria wanaelekeana, wanagongana magoti, na migongo yao inaegemea mbao za ubavuni. Kila baina ya nguzo na nguzo umepigiliwa ubao mmoja mpana. Kikapu cha muhogo kiko miguuni, mkungu wa ndizi uko juu ya paa, na kuku anapiga kelele chini ya benchi la mtu asiyekuwa mwenyewe.

Baba yangu, Hamadi, alikuwa na gari la namna hiyo. Alilipata kwa taabu ambazo mimi sikuzijua, na alilipenda kwa namna iliyomfanya mama yangu acheke. Alfajiri analipiga hendeli uani kwetu Kengeja, linakohoa, linanguruma, anawachukua watu kwenda Chake, na baada ya adhuhuri anawarudisha. Mwenye kwenda hospitali anapanda hilo, na mwenye kwenda kesini anapanda hilo hilo. Bibi harusi amewahi kupanda hilo, akakaa karibu na mwenye mbuzi.

Mimi nilikuwa nalala na bibi yangu, Bi Mize, mama yake baba. Kitanda chake kilikuwa kirefu cha kwenda juu, na chini yake palikuwa na ubao. Uliviringishwa kwenye mkeka, ukawekwa juu ya mawe ili mchwa wasiufikie. Ulikuwa mti wa mfenesi, manjano kama kiini cha yai lililochemka, mpana, umepigwa randa mpaka ukiupitishia kiganja hukutani na kitu. Huo ulikuwa kiunza chake. Kwa wale watakaosoma haya na wasijue, kiunza ni ubao anaofunikwa nao maiti ndani ya mwanandani wa kaburi, udongo usimwangukie. Babu alipofariki, mfenesi mmoja wa shambani kwake ulikatwa, akapasuliwa kiunza chake, na Bibi akasema apasuliwe na wake kutoka mti ule ule, kwa kimo chake, akae nao.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia tulikuwa tunautoa nje. "Shika upande wako, mke mwenzangu," ananiambia, maana ndivyo alivyopenda kunitania, kwamba mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja. Tunaufuta vumbi, tunaupaka mafuta ya nazi, tunaukagua kama una matundu ya dumuzi, tunaurudisha. Nilimuuliza mara moja ni wa nini. Hakunificha wala hakunitisha. Alisema, "Huu mlango wa nyumba yangu nyengine. Nyumba yenyewe bado, lakini mlango ninao." Basi mimi nikaelewa hivyo. Niliona mtu hawezi kuhamia nyumba isiyokuwa na mlango, jambo ambalo hata sasa naona lina akili ndani yake.

Masika ya mwaka ule yalikuja na upepo ambao sijauona tena. Baada ya alasiri mbingu ilifunga, migomba ikalala, na mapaa ya makuti ya jirani zetu yakanyanyuka kama mtu anayevua kofia. Baba alikuwa ameegesha gari chini ya mdoriani, pahala pake pa kila siku. Tulisikia mpasuko, kisha kishindo. Baba alitoka mbio ndani ya mvua, Mama anamwita, yeye hasikii. Tawi zima la mdoriani lilikuwa limelala juu ya gari. Paa lilikwaruzika tu. Lakini ubavu wa kushoto, ubao wa nyuma ulikuwa umesagika, vipande vimechomoza, na benchi la upande ule linaning'inia kama jino la mtoto. Baba alilizunguka gari mkono kichwani, mvua inampiga. Sijawahi kumwona mtu mzima amesimama vile.

Gari bila ubao ule lisingebeba abiria. Anayeegemea angeanguka nje kwenye kona ya kwanza. Mafundi wa magari walikuwa mbali, na waliokuwa nazo mbao walikuwa wachache. Baba akamwendea Fundi Kombo wa Wambaa, ambaye alikuwa fundi wa mashua na ngarawa, mtu mfupi asiyeongea sana. Akaja na kikapu chake cha vyombo. Baba alimwonyesha tawi lililoanguka, akasema, si mti huu hapa, tuupasue.

"Nti mbichi huu," Fundi Kombo alisema. "Leo ntakupigia, kesho jua likiuona utapinda, utakung'olea na nguzo zako. Ubao wataka uliokauka miaka."

"Na ntaupata wapi?"

Fundi Kombo alitazama pembeni. Akaanza kukusanya vyombo vyake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya nyumbani. Gari limesimama uani, kuku wanapanda ndani kutaga. Abiria wakawa wanakwenda kwa miguu mpaka barabara kubwa kuwahi gari za wengine. Baba alikuwa anakaa barazani, anatazama lile tundu la ubavuni. Kisha akaanza kuitaja Mombasa. Alianza kwa mbali, kwamba fulani yuko bandarini, kwamba kazi ya udereva kule haikosekani. Niliona mkono wa Bibi unaopeta mchele ukisimama kila Mombasa inapotajwa. Alikuwa na mtoto mwengine, ami yangu Shaame, aliyekwenda huko kwa msimu mmoja tu kabla mimi sijazaliwa. Hakurudi. Ilisemekana ameoa, ilisemekana amepanda meli, kila aliyetoka huko alikuja na lake.

Asubuhi moja Bibi akaniita chumbani. "Shika upande wako, mke mwenzangu." Nikashangaa, maana Ramadhani ilikuwa bado mbali. Tukauburura mpaka nje, tukausimamisha barazani mbele ya Baba. Fundi Kombo alikuwa amekuja kuuliza hali, naye akainuka alipouona. Aliujua ni kitu gani. Kila mtu mzima pale aliujua.

"Mti uliokauka miaka huu hapa," Bibi alisema.

Baba alirudi nyuma. "Mama, hapana. Hicho hakichezewi."

"Nani anacheza? Weye wataka kwenda Mombasa kwa sababu ya ubao, na mie nimeulalia ubao. Mombasa ishaninyang'anya mmoja. Sitaipa wa pili."

"Na ukihitajiwa?"

"Kwani mie nakufa leo?" Bibi alisema, kwa hasira kidogo. "Utautumia, utanitafutia mwengine, utanirudishia. Sharti langu moja. Usikatwe. Mmepunguza hata kidole, miguu yangu itakuwa nje."

Mama aliingia ndani analia. Mimi sikulia hata kidogo. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: Bibi hafi leo, na mlango wake anautoa uende kwenye gari. Nilifurahi nikatamani kurukaruka. Wakubwa wote pale wamevaa nyuso za msiba, na mimi najiona ndiye pekee niliyeelewa.

Fundi Kombo aliufunga ubao ule kama anavyofunga mbao za mashua, kwa kuwa hakujua njia nyengine. Alitoboa matundu machache, kila msumari akauzungushia pamba kichwani. Pale ubao ulipokutana na mbao za zamani palibaki nyufa, akazishindilia pamba kwa patasi butu, tok tok tok, asubuhi nzima, kama gari litakwenda kuelea. Kisha akaleta kopo la sifa akaupaka wote ndani na nje. Na kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko pahala pake na ulikatazwa kukatwa, aliuacha utokeze nyuma kiasi cha shibiri. Baba akapaka rangi ya kijani juu yake ufanane na wenziwe, lakini haukufanana. Gari likawa na mkia. Mwishowe Fundi Kombo aliinua mikono, akasoma Fatiha, kama wanavyosomea chombo kabla ya kukishusha majini. Baba akainua yake. Bibi akainua yake, na nilimwona anautazama ubao, hautazami mtu.

Gari likarudi barabarani. Watu wakalicheka mkia wake, wakalalamika kunuka. "Hamadi, watupeleka Chake au watupeleka kuvua?" Baba anacheka nao. Hakuna aliyeambiwa wanaegemea nini, na nadhani wangeambiwa wangeshuka wote. Mimi nilijua. Siku nikipandishwa nilikuwa nakaa upande ule makusudi, naegemea mlango wa Bibi, na roho yangu imetulia tuli. Nilikuwa nawahesabu wote waliouegemea kuwa wanausukuma usirudi nyumbani.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, maana Baba hakusahau ahadi. Kila alikokwenda aliuliza mbao. Akirudi, Bibi anamuuliza kabla hajanawa, "Umepata?" Naye anasema, "Bado, mama." Na mimi nyuma ya mlango namshukuru Mungu. Nilikuwa na dua yangu mwenyewe, nikiisoma baada ya zile nilizofundishwa chuo cha Kurani, kwamba mbao zote za Pemba zimalizike. Mtoto akiomba jambo kwa moyo wake wote hajui anamwombea nani mabaya.

Na mbao kweli zikawa ngumu kupatikana, ila si kwa dua yangu. Ulikuwa wakati ule wa siasa za vyama, mnaukumbuka, watu walianza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali. Duka hili si la wetu, kisima kile si cha wetu, harusi ile tusiende. Abiria wa Baba wakapungua nusu, kwa sababu walijiambia wanajua yuko upande gani. Wengine wa upande wake wakamnunia kwa sababu Fundi Kombo, aliyekuwa wa upande wa pili, bado alikuwa anakuja kwetu kukagua kazi yake na kunywa kahawa. Siku moja Baba alikwenda mpaka Wete, aliambiwa kuna mwenye mbao za mvule zilizokauka. Alirudi jioni mikono mitupu.

"Hana?" Bibi aliuliza.

"Anazo."

"Basi?"

Baba alivua kofia, akaiweka gotini. "Kaniuliza mie wa chama gani. Nikamwambia nataka ubao wa mama yangu. Kaniuliza tena. Nikaondoka."

Bibi akainuka, akaenda kulala na jua halijachwa. Nilimfuata, nikamkumbatia mgongo, nikajiambia amefurahi kama mimi.

Tangu siku ile alikuwa na tabia mpya. Akijilaza baada ya chakula cha mchana, mkono wake mmoja ulikuwa unateremka pembeni mwa kitanda, unapapasa chini, pole pole, halafu unarudi juu. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kiatu," akasema. Nikashuka nikamletea kiatu. Akanishukuru. Kesho yake mkono ukashuka tena, na viatu vyake vyote viwili viko mlangoni. Nikamletea tena. Nilimletea viatu siku nyingi sana, na hakuna siku aliyonambia niache.

Aliugua wakati karafuu zinaanza kuiva. Ilikuwa homa, kisha kifua, kisha akawa hali chakula. Wanawake wakaanza kuja, wakikaa kwenye mikeka, Yasin inasomwa. Waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya siasa waliingia kila mmoja kwa wakati wake ili wasikutane. Watoto wenzangu walikuwa wananitazama kwa huruma, na mimi nacheza mchezo wa kombe uani bila wasiwasi. Mama alinikuta nacheka, akanishika bega kwa nguvu.

"Huna imani weye? Bibi yako yuko vile na weye wacheka?"

"Hafi," nikamwambia. "Hana mlango."

Mama hakunielewa mwanzo. Kisha akanielewa. Nilitegemea atafurahi kwa habari niliyompa. Akanikalisha chini, akanifunika uso wangu kwa kanga yake na yeye akainamia humo humo, akalia, na mimi nikawa najitahidi kutoka nimwulize kuna nini.

Siku ile ya mwisho Baba hakufika Chake, aliitwa njiani. Gari lilirudi asubuhi, halina abiria, na pembeni mwa Baba amekaa Fundi Kombo na kikapu chake. Ndani wanawake walikuwa wanalia, na kilio kile mimi sikukifasiri kitu. Wanaume walikuwa wamejaa barazani. Nikamsikia mmoja anamwambia Baba kwamba mbao za kuzikia msikitini zipo, za nini kusumbuka.

"Wake upo," Baba alisema.

Fundi Kombo akaenda nyuma ya gari. Akatoa chombo cha kung'olea misumari. Msumari uliofungwa pamba na kunywa sifa hautoki kwa hiari, unalia. Wa kwanza ulipolia ndipo nilipojua. Si kilio cha wanawake kilichoniambia, ni ule msumari. Kila kitu nilichokuwa nimekijenga kichwani kikaanguka kwa mara moja, na nikakimbia.

Nilipanda ndani ya gari nikaegemea ule ubao, kama wanavyoegemea abiria, nikakaza mgongo na miguu kwenye benchi, nikamwambia Fundi Kombo asiung'oe, Baba atapata mwengine, Wete wanazo, Baba aseme tu chama. Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya wanaume wa pande zote mbili. Fundi Kombo aliweka chombo chini. Hakunishika. Alingoja.

Baba ndiye aliyepanda. Akakaa karibu nami, akaegemea na yeye. Nilihisi ubao unatetemeka nikadhani injini inawaka, kumbe ni yeye.

"Kanipa nisiende," akasema. "Sikwenda. Sasa tumrudishie chake."

Sikukubali. Nataka hili lieleweke, sikukubali, nilichoka tu. Alinibeba akanishusha, na misumari iliyobaki ikatoka mmoja mmoja. Fundi Kombo aliulaza ubao juu ya mikeka akaupiga randa. Maranda ya kijani yakaanguka, na chini yake manjano yale yale yakatokea, ila upande wa ndani hakuupiga randa. Baba alimzuia. Upande ule ulikuwa unang'aa, hauna rangi tena, migongo ya watu wa Kengeja ilikuwa imeulainisha kuliko randa yoyote. Ulitoka uani ukinuka sifa. Haukuwa umepunguzwa hata kidole. Fundi Kombo aliubeba upande mmoja, na upande wa pili aliubeba mtu ambaye alikuwa hajamjibu salamu tangu masika.

Baba hakwenda Mombasa. Alizeeka na lile gari, na lile tundu la ubavuni alilifunika kwa turubali mpaka alipoliuza, pale pasikaliwe tena, na waliokaa jirani napo waliingiwa na mvua na kunung'unika. Mkono wa Bibi ule unaopapasa chini ya kitanda niliuelewa nikiwa mtu mzima, nina watoto, na siku niliyouelewa nilishindwa kula.

Niliporudi kutoka Wambaa mwezi uliopita, nguo zinanuka, niliinama nikachungulia chini ya kitanda changu. Pana sanduku na ndara. Nikamwita mjukuu wangu mdogo, anayelala na mimi, nikamwambia kesho akamwite fundi seremala, nataka ubao wa mfenesi, mpana, uliokauka vizuri, urefu nitampa mwenyewe.

"Wa kutengenezea nini, Bibi?"

Nilimtazama. Ana umri ule ule niliokuwa nao mie.

"Benchi," nikamwambia.

Akafurahi sana. Akasema likija, wa kwanza kulikalia atakuwa yeye.